Sakafu ya Wageni

Mwanangu Atupele,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya mashahidi wawili ambao ni friji na mama yako, natangaza rasmi kwamba leo, saa nane na dakika ishirini mchana, mimi baba yako nimevua soksi. Nimezivua zote mbili. Nimesimama peku sebuleni, na huu mwezi wa kumi unaelekea ukingoni, majani yameshadondoka yote, na jirani ameshatoa mashine yake ya kusukuma theluji akaiwasha mara moja, ili tu tujue anayo. Mama yako amenitazama kutoka jikoni.

"Unaumwa?"

"Nafanya utafiti."

"Basi ukimaliza utafiti uyasogeze hayo maboksi ya Atu. Yamekaa mlangoni kama tunafukuzwa."

Utafiti wenyewe ni wako. Wiki mbili zilizopita ulinitumia ujumbe wa maneno sita: "Baba, which heat should I get?" Maneno sita hayo nimeyabeba kila siku kwenda kazini Maple Grove na kurudi nayo Coon Rapids, kama mtu aliyepewa trei ya mayai ashike kwenye gari. Kesho unahamia kwenye nyumba yako, nyumba kuukuu ya Saint Paul uliyoinunua kwa jasho lako. Aliyekuuzia alikuambia boila, lile tangi la kuchemsha maji ya kupashia nyumba joto, haifanyi kazi. Yule kijana wa kampuni ya joto alikuja, akaigusa kwa kiganja, akasema imekufa, akakuachia karatasi yenye njia nne za kupasha nyumba joto, na Jumatatu anataka jibu. Wewe ukanigeukia mimi.

Mara tatu umeniomba nije nishuke kwenye chumba cha chini ya nyumba nikaione hiyo boila, mimi ambaye kazi yangu ni kuhangaika na maboila ya nyumba ya wazee. Mara ya kwanza nilisema nina zamu mbili. Mara ya pili mgongo. Mara ya tatu nilisema gari linalia kwa mbele. Gari halilii. Nimekuwa naogopa, mama, na barua hii ni ya kukueleza ninachoogopa.

Habari za kufunga milango, kula vizuri na kubadilisha oili ya gari sitakuandikia. Mama yako ameshaandika karatasi tatu, na moja ameibandika ndani ya sufuria kubwa ili usiikwepe. Mvumilie. Bado anajifunza kusema kwamba binti yake anatoka nyumbani kwa kununua nyumba na si kwa kuolewa. Jumapili aliwaambia kina mama wenzake kwa sauti ya kutangaza msiba, akaona wanapiga vigelegele, akapiga na yeye, akiwa amechelewa kidogo.

Nianze na kiburi changu. Nilipofika Minnesota nilikuwa na kiburi kimoja tu, kwa sababu vingine viliishia uwanja wa ndege. Nilisema: mimi ni mtu wa Tukuyu. Watu wa Dar walikuwa wanatetemeka mwezi wa tisa, mimi nawacheka. Baridi naijua, nimezaliwa nayo, tumegombania blanketi moja. Na kwetu baridi ilikuwa na dawa yake. Unawasha jiko la mkaa nje, unasubiri moshi uishe na mkaa uive uwe mwekundu, halafu unaliingiza ndani mnalizunguka. Uso unaiva, mgongo unaganda, unajigeuza kama hindi. Miaka mingi baadaye nikiwa nasoma vijitabu vya mafundi wakati wa chakula cha mchana, niligundua kwamba hilo ndilo jambo lile lile ambalo yule kijana wa kampuni amelipa jina zuri kwenye karatasi: joto linaloruka moja kwa moja kutoka kwenye kitu cha moto mpaka kwenye mwili wako, hewa ikabaki na mambo yake. Jua linafanya hivyo. Jiko linafanya hivyo. Na sakafu hii niliyosimama juu yake sasa inafanya hivyo, na ndiyo maana nimevua soksi, kwa sababu kwa miaka yote hii sijawahi kuikanyaga peku. Nilikuwa naona aibu.

Unajua chumba chako kiko juu ya gereji. Nyumba hii inapulizwa hewa ya moto kwenye matundu, na hewa hiyo ikifika kwako imeshachoka, kama mgeni aliyepitia kwa ndugu wote kwanza. Hilo nililijua tangu baridi yetu ya kwanza hapa. Ulikuwa na miaka saba. Na mwaka huo tulikuwa na uwezo wa kufanya kazi moja tu ya joto: chumba chako, au sebule.

Ningependa kukuambia kwamba tulikaa chini tukajadiliana. Hatukujadiliana. Jumuiya ilikuwa inakutana kwetu kila Jumamosi, na sebule ndiyo uso wa mtu. Nani anapamba kisogo? Nikatandaza nyaya chini ya vigae vya sebule kwa mikono yangu, magoti yakavimba, fundi umeme mwenye leseni akaja kuunganisha, tukawa na sakafu ya moto. Kisha mama yako akaleta lile zulia lake jekundu, nene kama godoro, akalitandika juu. Juu ya zulia akaweka makochi yale yenye marinda mpaka chini. Kwa mwezi mzima tukapasha joto tumbo la zulia. Sisi wenyewe tulikuwa tumevaa masweta, tukisifia teknolojia.

Zulia lilipoondolewa, mama yako aliomboleza siku mbili, kisha akagundua kwamba unga wa maandazi ukiuweka kwenye kona karibu na televisheni unaumuka kwa nusu ya muda. Kuanzia hapo wageni walikuwa wanaruka beseni.

Unamkumbuka Mama Kilewo, yule muuguzi aliyekuwa kiongozi wa jumuiya, ambaye akinong'ona anasikika barabarani. Siku ya kwanza alivua viatu, akakanyaga, akafumba macho.

"Baba Atu! Mimi hapa siondoki. Barua zangu ziletwe hapa hapa."

"Karibu, Mama Kilewo, jisikie nyumbani."

"Nyumbani gani? Nyumbani kwangu miguu inakufa! Mume wangu, njoo ukanyage uone wanaume wenzako wanavyopenda wake zao!"

Maskini Mzee Kilewo akakanyaga, akanitazama kama mtu aliyesalitiwa. Mimi nikavimba kichwa.

Sasa nikuulize: makoti ya wageni yalikuwa yanawekwa wapi? Kitandani kwako. Kila Jumamosi kulikuwa na mlima wa makoti, na kila Jumamosi wewe ulikuwa unatambaa chini yake na kulala. Ikawa hadithi ya jumuiya. "Mtoto huyu anapenda wageni mpaka makoti yao!" Nilicheka pamoja nao. Siku moja nilikuuliza mbele ya watu wote, "Atu, huko juu kuna joto?" Ukanijibu, "I'm fine, Baba." Wakasema, tazama adabu. Nami nikafurahi, kwa sababu adabu hiyo nilikufundisha mimi: mbele ya wageni, baba haaibishwi. Ulikuwa umeelewa vizuri sana.

Si kweli kwamba sikujua kabisa. Mtu anayefanya kazi ya joto anajua. Nilikuwa najua kama mtu anavyojua kwamba jino limetoboka, anatafuna upande wa pili.

Ikaja Jumamosi moja ya Desemba. Wageni kama ishirini, pilau jikoni, na mimi nachoma nyama gerejini. Kila mmoja wetu hapa amefanya hivyo, wala hatusemi: mlango wa gereji umenyanyuliwa nusu, umevaa koti na glavu, sigiri iko katikati ya tairi za akiba na baiskeli ya mtoto. Nyama ikaiva, nikapeleka ndani. Nikarudi kuzima mkaa. Ulikuwa umebaki mwingi, mwekundu, hauna moshi hata kidogo, unapumua vizuri. Nikatazama dari ya gereji. Juu ya dari hiyo ulikuwa wewe.

Nikaona nimepata jibu la bure. Mkaa ulioiva hauna madhara, ndivyo tulivyokuwa tunasema Tukuyu. Tulisahau kusema kwamba nyumba za Tukuyu zilikuwa na nyufa unazoweza kupitisha mkono, na upepo ulikuwa unaingia na kutoka bila hodi. Nyumba za hapa zimezibwa kama chupa. Nikauacha mkaa uwake, nikateremsha mlango wa gereji mpaka chini. Nikajipongeza kabisa. Nikaingia ndani nikakaa kwenye sakafu ya moto na sahani yangu.

Baada ya muda kikaanza kulia kile kidude cha ukutani kwenye korido ya juu, kinachonusa hewa yenye sumu.

"Baba Atu," Mama Kilewo akasema, "betri hiyo."

"Ndiyo, betri," nikasema, nikainuka.

Nataka ujue nilichoinuka kufanya. Nilipanda ngazi kwenda kutoa betri. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Mlango wako ulikuwa wazi, nikaona makoti, nikasema ngoja nimwamshe ale nyama. Nikayafunua. Uso wako ulikuwa mwekundu, umetulia mno. Nikakuita. Hukuitika. Nikakuita kwa jina lote.

Nilishuka nawe umezungushiwa koti la Mama Kilewo kwa sababu ndilo lililokuwa juu. Mwenye koti alikutazama mara moja tu, na sauti yake, ile ya barabarani, ikawa ndogo.

"Tokeni wote. Sasa hivi. Acheni viatu."

Hakuna aliyebisha. Wageni ishirini wakatoka nje kwenye theluji na soksi zao, wengine peku, maana makoti yote yalikuwa huko juu ulikotoka wewe. Mzee Kilewo alisimama kwa mguu mmoja, halafu mwingine, ameshika paja la kuku. Mama yako alikuwa anakupiga mashavu na kuongea Kinyakyusa, ambacho hajawahi kujua vizuri. Kisha hewa ile ya baridi, ile niliyoipiga vita mwaka mzima, ikakuingia kifuani, ukatapika kwenye koti la Mama Kilewo na ukalia. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile kilio.

Zimamoto walikuja, wakakuvisha kinyago cha hewa, hospitali wakakaa nawe mpaka asubuhi. Asubuhi uliomba katuni, ukaniuliza kwa nini ulitapika. Nikakuambia ulikula pilau nyingi.

Atu, tangu siku hiyo hujawahi kula pilau. Miaka kumi na tisa. Kwenye harusi unapita meza ya pilau kama mtu anayepita nyumba ya adui, na mimi nimesimama nyuma yako na sahani, nimenyamaza. Pilau haina hatia. Ilikuwa mkaa, na mkaa ulikuwa wangu.

Wageni nao walinyamaza, kwa heshima. Waliendelea kuja Jumamosi, ila makoti wakawa wanayakalia. Mama yako alitaka kukuambia tangu zamani. Nilimwomba asubiri ukue. Ukakua, nikamwomba asubiri umalize shule. Sasa una miaka ishirini na sita na unaniuliza uchague joto gani, na mama yako jana aliniambia, "Usipomwambia kabla hajaondoka, nitamwambia mimi, na mimi nitamwambia vibaya."

Wiki ile ile ya mkaa nilikopa, nikamwita fundi umeme akafunga ile bapa nyeupe kwenye dari ya chumba chako. Wewe uliibandikia nyota za karatasi, kisha picha za wanamuziki, ukawa unalalamika kwamba zinajikunja. Zilikuwa zinajikunja kwa sababu lile ni jiko, mama. Jiko la umeme la darini. Ulikua chini yake na hukuwahi kuuliza ni nini, nami sikuwahi kusema, kwa sababu kueleza lilikotoka kungenilazimu kueleza yote.

Basi nikujibu, ila unisome pole pole, maana kalamu inasita.

Mabomba ya maji ya moto chini ya sakafu ndiyo kijana aliyoyaweka juu kabisa kwenye karatasi, na kweli hakuna joto tamu kama lile. Lakini ni joto la mtu mzito. Ukiliamsha leo asubuhi, litakujibu usiku, au kesho. Usilichezee kwa kupandisha na kushusha kama redio, kama ninavyokujua. Na ili uyapate itabidi ung'oe mbao zile nzuri za sakafu ambazo ndizo zilikufanya uipende nyumba, ulinionyesha picha ya mbao kabla ya picha ya bafu. Nyaya kama zangu zinafaa bafuni, asubuhi, ukitoka kuoga. Nyumba nzima, hapana. Halafu wewe una shangazi watano. Watakuja. Watalala chini kwenye magodoro, hata kama una vitanda sita, na godoro juu ya nyaya ni zulia la mama yako kwa mara ya pili. Bapa za darini zina haraka nzuri, unawasha na kuhisi, ila ukikaa mezani kichwa kiko Dar na miguu iko Tukuyu, kwa sababu meza inakaa katikati. Na redieta zile za chuma ulizozikuta, zilizokaa chini ya madirisha kama wazee kwenye kikao, kijana amesema ni za kizamani. Ni kweli. Mimi nimezihudumia nyingi kazini, nami nasema zinachotaka ni maji ya moto ya boila, na zisifichwe nyuma ya kochi.

Kingine nimekiona kwa wazee wangu. Hawalalamikii hewa. Wanasema chumba kina joto lakini wao wanaona baridi, na wauguzi wanadhani ni uzee. Ukiwatazama, wameketi kando ya dirisha kubwa. Kioo cha baridi kinaunyonya mwili hata hewa ikiwa ya moto. Nasogeza kiti futi nne, wanasema nimetengeneza boila. Nimepata sifa nyingi kwa kusogeza viti. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kaa kwenye kila chumba chako dakika kumi bila simu, uone mwili unasema nini.

Ila kuhusu kuchagua moja kati ya hizo nne, Atu, hapo ndipo ninapokwama. Nikisema hii, na iwe mbaya, itakuwa mara ya pili. Siku zote hizi nikifikiria kushuka kwenye chumba chako cha chini, naona ile gereji. Nimekutafutia jibu kwenye vijitabu vyote, nimewauliza mafundi wanaocheka wakisikia nina hofu ya boila. Najua kila kitu kuhusu joto isipokuwa namna ya kukuchagulia wewe bila woga. Usichague kwa ajili ya kijana wa kampuni, wala mashangazi, wala mimi. Na ukisikia baridi kwenye nyumba hiyo, hata mwezi wa saba, hata mbele ya jumuiya nzima, nipigie useme: Baba, nasikia baridi. Nataka kuaibishwa. Nimekuwa nikisubiri zamu yangu.

Mama yako anasema pilau ya kesho ataipika bila zabibu, kama utaamua kuila.

Baba yako

Nimeifungua tena bahasha. Nilipomaliza kuandika niliona haya, mtu anamwagiza mtoto akae kwenye vyumba vyake ilhali yeye mwenyewe hajakanyaga. Saa kumi nimechukua ufunguo wa akiba, tochi na futi ya kupimia, nimekwenda Saint Paul, nimesimama juu ya ngazi za chumba cha chini kwa muda ambao sitautaja, kisha nimeshuka.

Boila yako ni nzima. Ilikuwa imezimwa kwenye swichi ya ukutani. Kuna mtu alidhani ni ya taa.